Maghala ya Paarl: Utamu wa zabibu na uchungu wa historia ya mvinyo

MVUA inaponyesha katika mji wa Paarl nchini Afrika Kusini, kisha jua likachomoza, mawe makubwa ya matale yaliyo juu ya mlima hung'aa kama lulu. Ni mng'aro huo uliomfanya Mholanzi Abraham Gabbema, aliyepita hapo mnamo 1657, kuuita mlima huo kwa jina la lulu. Mji ulioanzishwa baadaye kando ya Mto Berg ukarithi jina hilo.

Hata hivyo, si mawe hayo pekee yanayowavuta wageni Paarl, mji ulio umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Cape Town. Wengi hufika kwa sababu ya mvinyo. Katika barabara iitwayo Kohler kuna maghala ya KWV, mojawapo ya majina makongwe na makubwa zaidi katika biashara ya mvinyo barani Afrika. Eneo la maghala hayo limetajwa kwa miaka mingi kuwa na ukubwa wa hekta 22.

Kwa mtu aliyezoea kuona chupa ya mvinyo kwenye rafu ya duka kuu jijini Nairobi au Mombasa, ziara ya mahali kama hapo humfunza mengi. Hujifunza jinsi zabibu zinavyogeuka kuwa kinywaji na jinsi ya kukionja bila kulewa. Akidadisi zaidi, atajua pia kwamba nyuma ya kila chupa kuna hadithi ndefu ya wakulima waliomwaga mazao yao, chama cha ushirika kilichogeuka kuwa mtawala, na vibarua waliolipwa kwa kileo badala ya pesa.

KUTOKA MIZABIBU HADI PIPANI

Kusini mwa dunia, zabibu huvunwa kati ya Januari na Aprili. Huo ndio msimu ambapo trekta zilizosheheni zabibu huonekana kila mahali katika wilaya za mvinyo za Rasi ya Magharibi. Uvunaji mwingi hufanywa alfajiri au usiku, kwa kuwa zabibu iliyopata joto jingi huanza kuharibika kabla haijafika kiwandani.

Zabibu zikifika hutenganishwa na vikonyo vyake kisha hupondwa. Hapo ndipo njia ya mvinyo mweupe na ya mvinyo mwekundu zinapoachana. Mgeni wengi hudhani kwamba mvinyo mwekundu hupata rangi yake kutokana na maji ya zabibu nyekundu. Ukweli ni kuwa maji ya takriban zabibu zote, ziwe nyeusi au za kijani, hayana rangi. Rangi imo katika ganda.

Kwa sababu hiyo, mvinyo mwekundu huachwa uchache pamoja na maganda yake, nao mweupe hukamuliwa kwanza na maganda yakatupwa. Maganda hayo ndiyo pia yanayoupa mvinyo mwekundu ule ukakasi unaokaza ulimi.

Kazi ya kugeuza sukari kuwa kileo hufanywa na chachu, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Chachu hula sukari iliyomo kwenye maji ya zabibu na kutoa kileo, hewa ya kaboni dioksidi na joto. Joto hilo ni sharti lidhibitiwe. Likizidi, chachu hufa kabla ya kumaliza kazi yake, na harufu nzuri za matunda hupotea hewani. Ndiyo maana viwanda vikubwa hutumia matangi ya chuma cha pua yaliyozungushiwa mabomba ya maji baridi. Mvinyo mweupe huchachushwa kwa nyuzijoto kati ya 12 na 16 hivi, na mwekundu huachiwa joto zaidi.

Sukari yote ikishaliwa, mvinyo huwa mkavu, yaani usio na utamu wa sukari. Mtengenezaji akitaka kinywaji kitamu na kikali, humwagia pombe iliyokenekwa kabla chachu haijamaliza sukari. Kileo hicho huiua chachu, na utamu uliosalia hubaki. Hiyo ndiyo asili ya mvinyo mzito uliotengenezwa kwa mtindo wa Ureno, ambao KWV imejipatia sifa nao kwa miongo mingi.

GHALA MFANO WA KANISA KUU

Baada ya kuyaona matangi, mgeni huingizwa katika ghala lililojengwa mnamo 1930, ambalo hujulikana kama Cathedral Cellar, yaani ghala la kanisa kuu. Jina hilo si la mzaha. Paa lake ni kuba refu, mwanga ni hafifu, na pande zote mbili yamepangwa mapipa makubwa ya mbao mithili ya nguzo za kanisa. Nyuso za mapipa hayo zimechongwa nakshi zinazosimulia historia ya mvinyo katika Rasi. Wageni huzungumza kwa sauti ya chini bila ya kuambiwa.

Katika maghala hayo pia yamo mapipa matano makubwa ajabu ambayo kila moja linaweza kubeba zaidi ya lita 200,000. Mtu akisimama karibu nayo hujiona kama siafu kando ya mtungi.

Mapipa madogo ya mbao za mwaloni yana kazi tofauti na haya makubwa. Pipa la kawaida la kukomazia mvinyo huwa la lita 225. Udogo wake unamaanisha kuwa sehemu kubwa ya mvinyo hugusana na mbao, na hivyo hupata ladha ya moshi, vanila au viungo. Mbao hupitisha hewa kidogo sana, na hewa hiyo hupunguza ukali wa ule ukakasi. Kila mwaka kiasi fulani hupotea kwa kugeuka mvuke, hasara ambayo watengenezaji huikubali kama kodi ya kupata ladha.

Brandi huhitaji subira zaidi. Mvinyo mweupe hukenekwa mara mbili katika mitambo ya shaba, kisha kulingana na sheria za Afrika Kusini, brandi hiyo hutunzwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kazi hiyo KWV huifanyia katika mji wa Worcester, upande wa pili wa milima.

WALIPOMWAGA MVINYO MITONI

Historia ya mvinyo katika Rasi ilianza na haja ya mabaharia. Jan van Riebeeck aliletwa na kampuni ya Uholanzi mnamo 1652 kuanzisha kituo cha kuzipatia chakula na maji meli zilizokuwa zikielekea Mashariki. Miche ya mizabibu ilipandwa mwaka wa 1655, na mnamo Februari 2, 1659 akaandika katika kumbukumbu zake kwamba mvinyo wa kwanza ulikuwa umekamuliwa. Wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa waliowasili kuanzia 1688 waliongeza ujuzi, na wengi wao wakapewa mashamba katika mabonde ya Paarl na Franschhoek.

Lakini mashamba hayo hayakujilima. Kati ya 1658 na 1808, watumwa wapatao 60,000 waliingizwa katika Rasi. Walitolewa India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji na sehemu nyingine za pwani ya Afrika Mashariki. Wao ndio waliochimba mashimo, wakapanda, wakapogoa na kuvuna. Utumwa ulifutwa mnamo 1834, ingawa walioachiliwa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao kwa miaka minne zaidi.

Mnamo 1886, janga lilizuka. Mdudu mdogo aitwaye filoksera, anayeshambulia mizizi, aligunduliwa katika Rasi na kuangamiza mizabibu mingi. Wakulima walipanda upya kwa kupandikiza vikonyo vyao juu ya mizizi ya mizabibu ya Marekani, ambayo humstahimili mdudu huyo. Wengi walichagua aina zinazozaa sana ili kufidia hasara yao.

Matokeo yake yalikuwa ni mafuriko ya mvinyo. Isitoshe, soko la manyoya ya mbuni liliporomoka mnamo 1914, na baadhi ya wafugaji wakageukia zabibu. Bei ilishuka hadi ikawa haifai hata kulipia usafirishaji. Wakulima wakaanza kumwaga mvinyo katika mito na vijito. Wasomaji wanaokumbuka jinsi wafugaji wa humu nchini walivyomwaga maziwa mapema mwaka wa 2010 kwa kukosa wanunuzi watauelewa uchungu huo.

Ni katika hali hiyo ambapo wakulima wakiongozwa na Charles Kohler waliunda chama cha ushirika mnamo 1918. Jina lake la Kiholanzi, ambalo kifupi chake ni KWV, lilimaanisha chama cha ushirika cha wakulima wa mvinyo wa Afrika Kusini. Wazo lilikuwa rahisi: mkulima mmoja hawezi kubishana na mfanyabiashara, lakini wakulima wote wakiuza kupitia mlango mmoja, mfanyabiashara hana budi kusikiza.

USHIRIKA ULIOGEUKA MTAWALA

Umoja ni nguvu, lakini nguvu hizo zilikuja na meno. Sheria ya mwaka wa 1924 iliipa KWV uwezo wa kuweka bei ya chini kabisa ya mvinyo wa kukeneka. Mnamo 1940 uwezo huo ukapanuliwa hadi kwa mvinyo wa kunywa, na ikawa ni marufuku kwa yeyote kutengeneza mvinyo bila kibali cha chama. Kuanzia 1957, KWV ilianza kuamua ni mkulima yupi angepanda mizabibu na kwa kiasi gani.

Kila mwaka chama kilitangaza kiasi cha mavuno ambacho kingehesabiwa kuwa ziada. Ziada hiyo ilichukuliwa, ikakenekwa kuwa brandi na pombe nyingine, au ikauzwa nje ya nchi. Kwa miongo mingi, baadhi ya mvinyo maarufu wa KWV, kama vile Roodeberg ulioanza mnamo 1949, ulijulikana zaidi Ulaya kuliko madukani mwa Afrika Kusini yenyewe.

Kwa upande mmoja mpango huo uliwafaa wakulima. Hakuna aliyelazimika tena kumwaga mazao yake mtoni, na malipo yalikuwa ya hakika. Kwa upande wa pili, mkulima aliyejua kuwa atalipwa hata akileta zabibu hafifu hakuwa na sababu ya kujisumbua. Alizalisha kwa wingi badala ya ubora.

Masharti ya kuagiza miche mipya nayo yalikuwa magumu mno hivi kwamba baadhi ya wakulima waliamua kuiingiza kwa magendo. Katika miaka ya 1980 ilibainika kuwa miche mingi iliyopandwa kwa siri kwa matumaini kuwa ni Chardonnay haikuwa Chardonnay, bali ilikuwa aina nyingine iitwayo Auxerrois. Tume ikaundwa kuchunguza, na kashfa hiyo ikawa kitendawili cha kuchekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja.

Pamoja na hayo, kipindi hicho kilileta mafanikio pia. Mnamo 1925, Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichanganya mbegu za Pinot Noir na Cinsaut, aina ambayo wakati huo iliitwa Hermitage katika Rasi. Alipata mbegu nne pekee, akazipanda katika bustani ya nyumba yake ya chuo. Baadaye Perold alihamia KWV na kuisahau miche hiyo. Kikundi cha wafanyakazi kilipotumwa kufyeka bustani, mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alitokea kupita hapo na kuinusuru. Miche hiyo ndiyo asili ya Pinotage, zabibu ambayo leo hutambulisha Afrika Kusini kote duniani. Niehaus naye alikuja kuwa miongoni mwa wataalamu wakuu wa KWV.

MALIPO YA GLASI

Historia hiyo ya wataalamu na wamiliki ina upande wa pili. Tangu enzi za utumwa, wenye mashamba wengi waliwalipa wafanyakazi sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, aghalabu ule wa hali ya chini kabisa. Mpango huo uliitwa 'dop'. Kibarua alipewa glasi asubuhi, mchana na jioni, siku baada ya siku. Aliyezoea hakuweza kuondoka shambani, kwa kuwa kiu yake ilikuwa imefungwa kwa bwana wake.

Dop ilipigwa marufuku na sheria katika karne ya 20, lakini katika baadhi ya mashamba iliendelea hadi miaka ya 1990. Athari zake hazijaisha. Rasi ya Magharibi ni miongoni mwa maeneo yaliyorekodi viwango vya juu zaidi duniani vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyokunywa mama zao wakiwa wajawazito. Watoto hao huathirika ubongo na ukuaji wao, na madhara hayo hayana tiba.

Kinaya ni kwamba huku vibarua wa mashamba wakinyweshwa, Waafrika weusi kwa jumla hawakuruhusiwa kununua mvinyo madukani kama watu wengine hadi mwaka wa 1962.

Mabadiliko yalianza kuonekana Februari 11, 1990, wakati Nelson Mandela alipotembea kwa miguu yake kutoka katika gereza la Victor Verster, lililo karibu na Paarl, katikati ya mashamba hayo hayo ya mizabibu. Vikwazo vya kiuchumi viliondolewa na masoko ya ng'ambo yakafunguka. Mvinyo uliouzwa nje ya nchi, ambao ulikuwa lita milioni 22 hivi mwaka wa 1992, ulipita lita milioni 400 kufikia 2008.

KWV nayo ilipoteza mamlaka yake. Mpango wa kugawa vibali vya kupanda ulifutwa mnamo 1992, na mwaka wa 1997 chama hicho cha ushirika kikageuzwa kuwa kampuni. Mnamo 2004, kundi la wawekezaji weusi, Phetogo, lilipata asilimia 25.1 ya hisa. Baadaye kampuni ya HCI ilichukua usukani, kisha mnamo 2016 biashara hiyo ikauzwa kwa wawekezaji wa Vasari. Jina likabaki lile lile, lakini mali iliyoanzishwa na wakulima haikuwa tena chama cha wakulima.

Kwa vibarua, mwendo umekuwa wa kobe. Mnamo 2002 iliundwa WIETA, taasisi inayokagua jinsi wafanyakazi wanavyotendewa katika mashamba na viwanda vya mvinyo. Miaka kumi baadaye, Novemba 2012, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu katika bonde la De Doorns waligoma, na mgomo huo ukaenea katika miji mingine ya Rasi ya Magharibi. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kilikuwa randi 69 kwa siku. Kuanzia Machi 2013, serikali ilikipandisha hadi randi 105.

KATIKA UKUMBI WA KUONJEA

Ziara huishia katika ukumbi wa kuonjea. Hapa glasi hupangwa mbele ya mgeni, kila moja ikiwa na mvinyo kidogo tu, kuanzia mweupe mwepesi hadi mwekundu, na mwishoni ule mtamu au brandi. Utaratibu huo una sababu yake. Ukianza na kinywaji kizito, ulimi hauwezi tena kutambua kilicho chepesi.

Wanaoingia kwa mara ya kwanza huwa na hofu ya kuaibika. Hawana haja, kwa kuwa kuonja ni kazi ya macho, pua na ulimi, na kila mtu anavyo.

Kwanza ni macho. Glasi hushikwa kwa mguu wake ili joto la mkono lisipashe mvinyo, kisha huinamishwa juu ya karatasi au kitambaa cheupe. Mvinyo mweupe huzidi kuiva rangi kadiri unavyozeeka, ukaelekea kuwa kama dhahabu. Mwekundu hufanya kinyume, rangi yake hufifia na kuelekea hudhurungi.

Pili ni pua. Mvinyo huzungushwa katika glasi ili harufu zipande juu, kisha mtu hunusa. Wataalamu husema kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Chenin Blanc, zabibu inayopandwa kwa wingi kuliko nyingine zote Afrika Kusini, mara nyingi hunukia mapera yaliyoiva. Sauvignon Blanc hunukia nyasi zilizokatwa au pilipili hoho mbichi. Pinotage changa huweza kutoa harufu ya ndizi mbivu, na nyingine hunukia moshi. Ikiwa mvinyo unanuka kama gunia lililolowa maji, huenda kizibo chake kimeuharibu, na mteja ana haki ya kuurudisha.

Tatu ni ulimi. Mtu hupiga funda dogo na kulizungusha mdomoni. Uchachu huchochea mate pembeni mwa ulimi, sawa na ndimu. Ule ukakasi wa mvinyo mwekundu hukausha kinywa kama cha mtu aliyetafuna ndizi mbichi au aliyekunywa chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi. Mvinyo mzuri ni ule ambao hakuna kitu kimoja kinachozidi vingine nguvu, na ambao ladha yake hudumu mdomoni baada ya funda kwisha.

Nne ni kutema, na hili ndilo huwashangaza wageni wengi kutoka nchi ambako kutema kinywaji cha mwenyeji ni utovu wa adabu. Mezani huwa kuna chombo maalumu cha kutemea. Watengenezaji wenyewe, ambao huweza kuonja makumi ya mvinyo kwa siku moja, hutema wote. Kutema ni dalili ya kuichukulia kazi kwa uzito.

Tahadhari hiyo ni muhimu hasa kwa kuwa wageni wengi hufika kwa gari na kuzuru mashamba matatu au manne kwa siku moja. Sheria ya Afrika Kusini humkataza dereva wa kawaida kuwa na gramu 0.05 au zaidi ya kileo katika kila mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilisema Januari 2023 kuwa hakuna kiwango cha unywaji wa pombe ambacho kinaweza kutajwa kuwa salama kwa afya. Mama mjamzito hana sababu ya kuonja hata kidogo, na yeyote asiyekunywa kwa ajili ya dini au hiari yake anaweza kuyazuru maghala na kujifunza bila ya kugusa glasi.

SOMO KWA AFRIKA MASHARIKI

Kilimo cha zabibu za mvinyo si kigeni kabisa kwetu. Dodoma nchini Tanzania hulima zabibu na kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Paarl hawawezi kulifanya kwa kuwa mizabibu yao hulala wakati wa baridi. Humu nchini, mizabibu iliyopandwa Naivasha imetoa mvinyo uitwao Leleshwa. Ukilinganisha na bahari ya mizabibu ya Rasi, hizo ni tone tu, lakini maswali ni yale yale.

Mkulima wa kahawa, majani chai, miwa au maziwa atayatambua maswali hayo mara moja. Nani huweka bei? Ziada ikitokea, nani hubeba hasara? Chama kinachomlinda mkulima kikipata nguvu, nani atamlinda mkulima na chama? Na yule anayevuna kwa mikono yake hupata nini pesa zikishagawanywa?

Jibu moja lipo katika maisha ya Ntsiki Biyela, aliyekulia kijijini Mahlabathini katika mkoa wa KwaZulu-Natal. Alipopata ufadhili wa kusomea utengenezaji wa mvinyo katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, hakuwa amewahi kuonja mvinyo maishani mwake. Mnamo 2004 alianza kazi katika kiwanda cha Stellekaya na kutambuliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo nchini humo.

Baadaye alianzisha kampuni yake mwenyewe. Chupa zake hazina jina la bonde wala la mwenye shamba wa kale. Zimeandikwa Aslina, jina la nyanya yake aliyemlea.